Musamaha wa kodi ya parseli haiko zawadi ya ajenti

Maneno tuliyotoa siku ya posho mbele ya vijana na wazazi wa kartie. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.

Wandugu, wadada, na ninyi wazazi wetu muliokubali kuacha biashara kwa saa moja, asanteni. Jua ni kali na viti ni vichache, kwa hiyo tutaenda moja kwa moja.

Kuko karatasi inazunguka mu parseli zetu. Juu yake kumeandikwa "impôt foncier". Sisi tunaiita kodi ya parseli, wandugu wa Lubumbashi watasema kodi ya lupango, ni kitu kimoja. Mutu anaipokea, anaona hesabu iliyo chini, moyo unaruka, na kuanzia pale anatafuta mutu wa kumusaidia. Njo pale shida inaanzia, sababu huyo mutu wa kumusaidia, mara nyingi, ni yule yule aliyeleta karatasi.

Hatukuja kuwaambia musilipe. Tusikilizane juu ya hiyo mbele ya yote. Katiba yetu, article 65, inasema kulipa kodi ni lazima ya kila Mukongomani, na sisi tunaolalamika kila siku juu ya barabara na taka hatuwezi tena kusema kwamba hakuna mutu anapaswa kutoa kitu. Lakini Katiba ile ile, article 174, inasema maneno mawili kwa pamoja. Neno la kwanza: kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Neno la pili, ambalo watu hawalijue: mutu hawezi kusamehewa kodi wala kupunguziwa isipokuwa kwa sheria. Munaona? Ajenti hana ruhusa ya kukuongezea, na hana ruhusa ya kukupunguzia. Akikuambia "mama, leta kidogo, nitakufanyia vizuri", anauza kitu ambacho si chake.

Na kitu chenyewe kiko. Musaada kwa nyumba za watu wenye mapato kidogo uko ndani ya sheria tangu zamani. Sheria inayoongoza kodi hii ni ordonnance-loi nambari 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969. Imebadilishwa mara na mara, lakini mufupa wake ni ule ule. Tangu Katiba ya 2006, kodi ya parseli ni mali ya jimbo: article 204 inaitaja kwa jina, pamoja na kodi ya feza za kupangisha na kodi ya magari. Kwa hiyo mutu akikuambia "mambo ya kodi, uliza Kinshasa", ujue anakukimbiza. Feza inaingia mu sanduku ya jimbo, na wakubwa wa jimbo njo wa kuulizwa.

Musaada wa kwanza hauitwi musaada, lakini ni musaada. Sheria imegawanya mahali kwa ranga 4, toka kartie za wakubwa mpaka kartie zetu za pembeni. Villa inahesabiwa kwa meta za mraba, na kila meta ina bei kufuatana na ranga. Nyumba zingine zinalipa kiasi kimoja kilichopangwa. Kwa hiyo ukipokea karatasi, usiangalie paka hesabu ya chini. Angalia wamekuandika ranga gani. Angalia kama nyumba yako ya mbao na mabati imegeuka villa kwa kalamu ya mutu. Tumeona karatasi za namna hiyo, na wenye nyumba hawakujua, sababu hakuna aliyewaambia kwamba kale kaneno kadogo pale juu njo kanazaa hesabu ya chini.

Musaada wa pili ni musamaha kamili. Sheria inawasamehe wajane na wazee waliopita miaka 55, kwa nyumba wanayokaa wao wenyewe. Si kwa parseli zote walizonazo, ni kwa ile wanayolala ndani. Kuko pia mustari juu ya watu ambao mapato yao ya mwaka hayavuke kiwango fulani. Huo mustari ni muzuri, lakini kwa kweli umekufa. Mapato ya mwaka ya mutu anayeuza nyanya, ao anayeendesha moto ya mwenyewe, yataonyeshwa na karatasi gani? Hana fishi ya mushahara. Sheria iliandikwa ikiwaza mutu wa biro, mwenye mushahara unaojulikana, na huyo njo anaweza kuonyesha kwamba ni maskini. Maskini mwenyewe hawezi.

Turudi kwa wajane na wazee, sababu pale sheria iko hai, na pale tunaweza kupata kitu.

Kuko masharti. Mujane ao muzee anapaswa kukaa mu ile nyumba peke yake, ao na watu anaowalisha, ao na mutu mwingine wa umri ule ule ao wa hali ile ile. Na anapaswa kuleta karatasi inayoitwa "déclaration", ambamo anataja mali yake yote ya udongo na ya nyumba. Asipoileta, hakuna atakayemusamehe. Musamaha hauji wenyewe mulangoni kama mvua, unaombwa.

Sasa muangalie sharti ile ya kukaa peke yake ao na wale anaowalisha. Wazazi wangapi hapa wamepangisha chumba kimoja cha mbele? Hatuombi mutu ainue mukono. Mama anabaki na watoto 5, bwana amekufa, anafunga ukuta katikati ya saluni, anatia mupangaji wa dola 15 kwa mwezi, na ile dola 15 njo minervali ya watoto. Kwa kusoma sheria vile ilivyoandikwa, huyo mama anatoka inje ya musamaha. Sisi tunaona hiyo ni ukali usio na maana. Mutu amepangisha chumba juu ya umaskini, na kile chumba kinamuhesabia kama tajiri. Hapa hatutadanganya mutu kwa kusema ajifiche. Tunasema jimbo linaweza kuandika wazi kwamba chumba kimoja hakiharibu musamaha, na tunataka wabunge wa jimbo waulizwe hivyo, mbele ya watu, na wajibu.

Kuko shida ingine, na hii tuliijifunza kwa kutembea na watu, haiko mu kitabu chochote. Wajane wengi hawataki musamaha. Ndiyo, hawataki. Tuliuliza sababu gani, wakatujibu: kitansi. Parseli iko kwa jina la marehemu. Wandugu wa marehemu wanapita kila wakati kuangalia ukuta. Mama anajua kwamba siku moja watamupeleka kwa shefu ao kwa tribinali, na siku ile atasimama na nini? Atasimama na vitansi vya miaka 8 vyenye jina lake. Kwa hiyo anakosa kula, analipa. Kwake, ile feza haiko kodi, ni ukuta mwingine anaojenga kuzunguka watoto.

Tulinyamaza kidogo tuliposikia hiyo. Sababu tulikuwa tunaenda nyumba kwa nyumba kusema "mama, una haki ya kutolipa", na tulikuwa hatujasema atapata nini pa nafasi ya kitansi. Jibu letu leo ni hili: anayesamehewa apewe karatasi. Karatasi yenye jina lake, nambari ya parseli, mwaka, na muhuri. Iandikwe kwamba kwa mwaka huu mutu huyu alijitangaza na akasamehewa kwa sheria. Hiyo itamulinda sawa na kitansi. Na wazazi wajane mukumbuke kwamba Code de la famille inamupa mujane usufruit ya nyumba aliyokuwa anakaa na bwana yake. Maana yake, ana haki ya kubaki na kuitumia, ata kama jina lililo juu ya karatasi ya parseli ni la marehemu. Kodi na urisi ni mambo mawili. Wanaoyachanganya wanafanya hivyo kwa faida yao.

Sasa tuseme juu ya ile njia ya pembeni, sababu wengi wanasema "lakini ajenti alinisaidia kweli". Tulisindikiza mama mmoja, hatutamutaja, wala ofisi hatutaitaja. Kwa miaka 3 kijana mwenye jile alikuwa anakuja, anasema kodi ni dola 25, anapokea 10, anaenda. Mama alikuwa anamubariki. Tulipofika ofisini kuomba musamaha, jina lake halikuwa mu kitabu ata siku moja. Wakaanza kumuhesabia ile miaka 3, na juu yake penalite. Feza aliyotoa ilikuwa imeliwa, na deni lilikuwa limekaa mahali pake linamungoja. Njo musaada wa ajenti huo. Tuliandika barua, tukatia nakala ya karatasi ya kifo cha bwana, ya ndoa, na ya kadi ya uchaguzi, tukaomba muhuri wa kupokelewa juu ya nakala yetu. Tulirudi mara 4 kwa ule muhuri. Jibu halijakuja, lakini yule wa jile hajarudi tena kwake.

Watu wa hesabu watasema: vijana, mukisamehe watu na mukipunguza bei, jimbo litajenga barabara na nini? Ni ulizo la haki, na hatutalijibu kwa kelele. Tutalijibu na Kananga.

Kananga, kule Kasaï-Central, ni muji mukubwa na wa watu wenye mapato kidogo kama yetu, na serikali ya jimbo ilikubali watafiti waangalie kodi yake ya parseli kwa makini kuliko muji mwingine wowote wa inchi yetu. Mwaka 2018, nyumba ya vitu visivyodumu, udongo na majani, ilikuwa inaombwa franga 3,000 kwa mwaka. Nyumba ya vitu vinavyodumu, franga 13,200. Wakachukua wenye parseli 38,028 na kuwagawanya kwa kura: wengine wakaachiwa bei ile ile, wengine wakapunguziwa kidogo, wengine theluthi moja, wengine nusu nzima. Kila mutu aliona paka bei yake. Wakusanya-kodi walikuwa na kamashine kadogo ka kutoa kitansi pale pale mulangoni.

Kilichoonekana ni kwamba bei ya kawaida ilikuwa juu mno, ata kwa faida ya serikali yenyewe. Kama wangeipunguza kwa karibu theluthi moja, jimbo lingepata feza nyingi zaidi, sababu watu wengi zaidi wangelipa. Tunarudia kwa wale wa nyuma: bei inashuka, feza inapanda. Mama mwenye franga 2,000 mukononi anatoa 2,000. Ukimuomba 3,000, hatoi 2,000, anafunga mulango, ao anatafuta yule wa jile. Watafiti walisema pia kwamba mahali wakusanya-kodi wanafanya kazi vizuri, bei inaweza kupanda bila watu kukimbia. Tunalitaja hilo sababu hatupendi kuficha nusu ya habari. Lakini hapa kwetu, kwa namna kazi inavyofanywa leo, sisi tuko upande wa mulango unaofungwa.

Kuko jambo lingine la Kananga, na linatugusa sisi tunaotaka orodha ya wajane itengenezwe. Kwa kartie zingine kodi ilikusanywa na maajenti wa serikali, kwa zingine ilikusanywa na mashefu wa mahali. Mashefu walileta 44% zaidi. Si kwamba walijua kusema vizuri kuliko maajenti. Walijua paka nani ana kitu na nani hana, na wakaenda kwa mwenye kitu. Hiyo akili njo tunaihitaji. Shefu wa avenue hahitaji fishi ya mushahara ili ajue kwamba kwa Mama fulani moto haukuwaka jana. Lakini mashefu wale wale walikula rushwa zaidi kuliko maajenti. Habari zote mbili ni za kweli, tutazibeba zote mbili. Kwa hiyo shefu aandike orodha, ndiyo, lakini orodha ibandikwe inje, kwa ukuta wa ofisi ya kartie, majina ya wanaosamehewa yaonekane, na kila mutu aweze kusema "huyu ana villa mbili kule juu, anafanya nini hapa?" Wengine wamesema kubandika majina kutawapa watu haya. Tumelifikiri. Haya ya kuitwa mujane kwa ukuta ni ndogo kuliko haya ya kupiga magoti mbele ya kijana mwenye jile, na asiyetaka jina lake libandikwe hatalazimishwa kuomba.

Inje ya inchi yetu kuko muji umefanya vingine. Freetown, kule Sierra Leone, chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr, mwaka 2020 walibadilisha namna ya kuhesabu. Waliangalia nyumba kwa picha za satelaiti, wakapatia kila nyumba pointi: dari ya namna gani, ukuta wa namna gani, iko karibu na barabara ao hapana. Nyumba kubwa zikapanda bei, nyumba ndogo zikashuka. Uzuri wa njia ile ni kwamba maskini haombi kitu. Hapigi foto ya kadi, harudi mara 4. Musaada uko ndani ya bei yenyewe. Sisi tungependa hivyo siku moja. Lakini hatuwezi kungoja satelaiti huku watu wanatozwa kesho asubuhi.

Na vijana, ninyi munaosema "mimi ni mupangaji, hii hainihusu". Kwa sheria kodi hii ni ya mwenye parseli, si ya mupangaji. Mwenye nyumba akikuletea karatasi ya "impôt foncier" na kusema "mugawane mulipe", muulize kwa heshima iko mu mukataba gani. Lakini inakuhusu kwa njia ingine. Mu Kananga, mbele ya hapo, mwaka 2016, walipeleka wakusanya-kodi kwa kartie zingine na zingine wakaziacha. Pale hawakupita, karibu hakuna aliyelipa. Pale walipita, karibu watu 12 juu ya 100 walilipa. Na katika zile kartie walizopita, watu wakaanza kwenda zaidi kwa mikutano ya serikali na kuandika wanavyofikiri juu ya kazi yake. Mutu akiombwa feza, anaamuka. Anauliza iko wapi. Wakubwa wengine wanajua hiyo vizuri, na ndiyo maana wanapendelea feza ya mukononi isiyo na kitansi: haiulizwe.

Tumeandikia ofisi ya mapato ya jimbo na wabunge wa jimbo wa muji wetu. Tumeomba bei za kila ranga zibandikwe kwa kila komine, mu Kiswahili, si mu Kifaransa peke yake. Tumeomba fomu ya musamaha iwe ukurasa mumoja na itolewe bure, anayesamehewa apewe karatasi yenye muhuri, na deni la miaka ya nyuma lisidaiwe kwa mujane ao muzee ambaye alikuwa na haki ya kusamehewa miaka ile yote. Hilo la mwisho njo litakuwa gumu. Watasema hakujitangaza. Tutawaambia: fomu yenyewe ilikuwa wapi?

Kwa sasa, mutu yeyote akija mulangoni, mumuulize kadi ya kazi na karatasi yenye jina lenu. Feza haitoki bila kitansi, ata franga 500. Kama hesabu si ya haki, sheria ya tarehe 13 Machi 2003 juu ya utaratibu wa kodi inampa mulipa-kodi haki ya kuandika malalamiko. Muandike, muweke nakala, muombe muhuri. Musimupige mutu, musimutukane, na musitoe kitambulisho chenu kikae mukononi mwake.

Wale wenye karatasi leo, mubaki huku upande wa muembe. Wenzetu 4 wako na kalamu na fomu tulizochapa wenyewe. Wajane na wazee mbele, vijana watangoja. Na anayejua kuandika Kifaransa kizuri cha ofisi, asiende nyumbani, tunamuhitaji mpaka saa kumi na moja.